Miguu ilitangulia, ubongo ukafuata: uzi wa nyayo za Laetoli na Turkana

MtuWaTudor (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum jamaa zangu wa Mombasa na wa kwingineko.

Kuna kauli naisikia sana vijiweni hapa mjini, na hata waalimu wengine wanaifundisha: ati binadamu alipata akili kwanza, akaunda zana, ndipo akaona haja ya kusimama wima ili mikono ipate nafasi ya kufanya kazi. Ni hadithi tamu, lakini ilishapinduliwa zamani, na kilichoipindua kimelala kwa majirani zetu Tanzania. Kingine kipya zaidi kiko kwetu wenyewe, Turkana.

Tuanze na Laetoli. Ni upande wa Ngorongoro, kama kilomita 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 kikosi cha Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, kilikuwa kikifanya kazi huko, na siku moja watafiti wakawa wanarushiana mavi makavu ya ndovu kwa mchezo. Ndiyo, wasomi wazima. Andrew Hill akaanguka akijaribu kukwepa, na pale alipoangukia akaona alama za wanyama zimeganda kwenye mwamba, pamoja na vishimo vya matone ya mvua. Miaka miwili baadaye, 1978, Paul Abell akaona wayo wenye sura ya mtu. Walipofukua msimu huo na wa 1979, wakapata mlolongo wa karibu mita 27, nyayo kama 70 hivi. Walipita watatu: mmoja mdogo, mmoja mkubwa, na wa tatu aliyekuwa akikanyaga mlemle alimokanyaga mkubwa. Umri wake ni miaka milioni 3.66.

Zilidumu vipi? Hapa ndipo panaponipendeza zaidi. Volkano ilitema jivu laini, likatanda uwandani. Ikanyesha mvua ya rasharasha, si ya kufurika. Jivu lile lilikuwa na kabonati nyingi, na jivu la namna hiyo likilowa kisha likakauka hushikana kama saruji. Aliyepita kabla halijashika aliacha alama yake, jua likaipiga, ikakaza. Kisha volkano ikatema tena, jivu jipya likafunika lile la kwanza. Kanga walipita, sungura wakapita, ndovu, twiga, kifaru, hata farasi wa zamani mwenye vidole vitatu mguuni. Wote wameandikwa pale.

Sasa utazame wayo wenyewe. Kisigino kimezama, maana yake aliyepita alitanguliza kisigino. Kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine, hakikwenda pembeni kama cha sokwe anayekitumia kushikia tawi. Na hakuna hata alama moja ya mkono. Sokwe akitembea ardhini huegemea vifundo vya vidole vya mikono, na vifundo hivyo vingeonekana.

Wengi wanaona wapitaji hao walikuwa zamadamu (jamaa wa kale wa ukoo wa binadamu) waitwao Australopithecus afarensis, jamaa za yule aliyepewa jina Lucy, ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Ubongo wao ulikuwa kati ya sentimita za ujazo 400 na 550 hivi. Wetu ni kama 1,350. Nazo zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, na ni za miaka milioni 3.3. Pigeni hesabu wenyewe: kilichotangulia ni nini?

Huko Ulaya kulikuwa na hamu kubwa ya kuona ubongo ndio uliotangulia. Mwaka 1912 lilitolewa fuvu kule Piltdown, Uingereza, lenye bongo kubwa na taya la kinyani, likaheshimiwa miaka arobaini. Mwaka 1953 ikajulikana ni fuvu la mtu wa kawaida lililooanishwa na taya la orangutani, meno yamepigwa tupa na mifupa imetiwa rangi. Wakati huo wote mtoto wa Taung wa Afrika Kusini, aliyetangazwa na Raymond Dart mwaka 1925, alikuwa akidharauliwa. Ubongo wake ulikuwa mdogo, lakini tundu la uti wa mgongo lilikaa chini ya fuvu, si nyuma, dalili ya kichwa kilichobebwa juu ya mwili uliosimama. Jibu walikuwa nalo mkononi, wakalisukuma kando.

Karibuni tuchangie.

KijanaWaMakupa

Uzi mzuri kaka, lakini hiyo 3.66 imetoka wapi? Mwamba hauna cheti cha kuzaliwa. Mtu aweza kusema lolote akiwa na koti jeupe.

MtuWaTudor

Swali la haki. Wayo wenyewe haupimwi umri. Linalopimwa ni jivu lililo chini yake na lile lililoufunika.

Ndani ya chembe za madini ya volkano mna potasiamu, na aina yake moja huoza polepole mno, sehemu ikigeuka gesi ya agoni. Nusu ya potasiamu hiyo huchukua miaka bilioni 1.25 kuoza. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishaganda, gesi inayozaliwa inanaswa ndani ya fuwele na kurundikana. Kwa hiyo ukipima potasiamu iliyobaki na agoni iliyonaswa, unapata muda tangu volkano iteme. Tabaka la chini linakupa umri wa juu kabisa ambao nyayo zingeweza kuwa nao, tabaka la juu linakupa wa chini kabisa. Bahati ya Afrika Mashariki ni hiyo: Bonde la Ufa lilikuwa likitema majivu mara kwa mara, kila tabaka na tarehe yake.

MkunjaViungo

Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, kila siku napokea magoti na migongo, acha niongeze la upande wangu.

Simama mbele ya kioo ukiwa na kaptura. Utaona mapaja yako yanaanza mbali juu kwenye nyonga, kisha yanashuka yakiingia ndani mpaka magoti yanakaribiana. Mfupa wa paja umeinama. Ndiyo maana ukinyanyua mguu mmoja huanguki, kwani uliobaki uko karibu na katikati ya mwili. Sokwe paja lake limeshuka wima, basi akisimama kwa miwili hulazimika kuyumba huku na huku kila hatua.

Na watu wengi hawajui hili: mtoto mchanga hana mwinamo huo. Unakuja anapoanza kusimama na kutembea, mfupa unakua kwa kufuata uzito unaoushukia. Mtoto ambaye kwa maradhi hakutembea kabisa, paja lake hubaki limenyooka. Kwa hiyo ukiokota goti la zamani lenye mwinamo, umeokota ushahidi kwamba mwenye goti lile alitembea, si kwamba angeweza tu kutembea. Goti kama hilo liliokotwa Hadar mwaka 1973, la miaka kama milioni 3.4.

Gharama yake ndiyo inayonipa mimi riziki. Uti wa mgongo ambao kwa mababu ulilala mlalo umesimamishwa wima na kubebeshwa kichwa, kifua na gunia la mchele juu yake. Hamali wa bandarini, dereva wa tuktuk anayekaa kutwa, mama anayefua kwa kuinama: wote wananijia na pingili zilezile za kiunoni. Nyonga nayo imefupishwa na kupanuliwa ili ishike matumbo na misuli ya kutembea, kisha baadaye kichwa cha mtoto kikawa kikubwa. Wakunga wanajua kilichofuata.

NahodhaMstaafu

Mimi si msomi wa mifupa, lakini hino bahari naijua. Hamuoni kuwa yamkini ni maji yaliyomsimamisha? Mtu akingia maji ya kifuani hana budi kusimama kwa miwili, akitaka asitake. Wavuvi wa pweza huku kwetu maji yakikupwa wataambaa mwamba mzima hivyo hivyo. Nani alosema ni lazima iwe nyika?

MtuWaTudor

Nahodha shikamoo. Wazo hilo lina wenyewe. Alister Hardy, msomi wa mambo ya bahari, alilitoa mwaka 1960, na Elaine Morgan akalipigia debe miaka mingi. Lakini watafiti wengi hawalikubali, kwa sababu mifupa na nyayo za kale hazionyeshi mnyama aliyeishi majini. Kando ya maji, sawa. Nyayo za Turkana ziko kwenye tope la ufukwe wa ziwa. Ila tope hutunza nyayo za kila anayekuja kunywa, swara wamo pia, na hatusemi swara alitoka majini.

Hata hivyo Nahodha umegusa pazuri kuhusu nyika. Zamani ilisemwa misitu ilikauka, nyasi zikatanda, babu akashuka mtini akasimama. Zamadamu Ardipithecus wa Ethiopia, wa miaka milioni 4.4, aliiharibu picha hiyo. Alikuwa akitembea kwa miwili kwa namna yake, lakini kidole gumba cha mguu kilikuwa bado cha kushikia, na mahali alipoishi palikuwa na miti mingi. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa sokwe wa bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania, wanaoishi mahali penye nyasi na miti iliyotawanyika. Ungetarajia wasimame zaidi wakiwa chini kwenye uwazi. Kumbe zaidi ya asilimia 85 ya kusimama kwao kwa miwili ni juu mtini, wakishika tawi la juu na kuchuma. Mimi binafsi naegemea huko: kusimama kulianzia juu ya matawi, baadaye kukashuka ardhini.

Iliposhuka, faida ikawa kwenye nguvu za mwili. Walipopimwa sokwe na watu kwenye mashine ya kutembelea mwaka 2007, watu walitumia nguvu pungufu kwa karibu asilimia 75 kuliko sokwe. Kwa anayetafuta chakula kilichotawanyika, hiyo si tofauti ndogo.

MwalimuKisauni

Wacha nilete kitu cha kushika mkononi. Nyayo hizi nilizisomesha darasani, watoto wakanitazama tu. Basi siku ya bamvua, maji yalipotoka mbali, nikawapeleka pwani ya Nyali.

Tulichagua mchanga wa katikati. Ule wa juu ni mkavu, wayo unaporomoka mara tu ukiinua mguu. Ule wa chini una maji, wayo unajizika wenyewe. Wa katikati unashika vizuri mpaka unaona mikunjo ya ngozi. Kwanza nikawaambia watembee kawaida. Kisha warudi sambamba na njia ileile, lakini magoti yamekunjwa na kiuno kimekunjwa, mwendo wa sokwe aliyesimama. Walicheka mpaka wakaanguka. Muuza madafu akauliza tumepoteza nini.

Tukapima kina kwa kijiti cha mshikaki na rula. Kwenye mwendo wa kawaida, kisigino na mbele ya wayo vilikaribiana kina. Kwenye mwendo wa magoti kukunjwa, mbele kulizama sana na kisigino kikagusa juu juu tu. Mvulana mmoja alikuja kuniambia, "Mwalimu, huyu wa Laetoli si wa kukunja." Sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameifananisha na picha niliyoichapisha.

MtuWaTudor

Maalim, umefanya karibu kilekile walichofanya David Raichlen na wenzake mwaka 2010. Waliwapitisha watu juu ya mchanga, mara kwa mwendo wetu na mara kwa magoti yaliyokunjwa, wakapima kina, wakalinganisha na Laetoli. Nyayo za Laetoli ziliangukia upande wa mwendo wetu.

Lakini mwambie kijana wako mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 Kevin Hatala na wenzake walipima tena, wakaona nyayo zile si za sokwe na wala si zetu kabisa: miguu yao huenda ilikuwa imekunjwa zaidi kidogo kuliko yetu wakati inakanyaga. Kwa hiyo ni mwendo wa wima, ila una lafudhi yake.

BintiWaKibokoni

Nauliza kwa heshima. Sisi tumelelewa kwamba Nabii Adam ndiye baba wa watu. Mwanisomea hapa mara sokwe mara zamadamu. Mwataka kuniambia bibi yangu alikuwa nyani?

MtuWaTudor

Dada, hakuna anayesema hivyo. Sokwe wa leo si babu wa mtu, ni binamu. Wanasayansi wanasema njia yao na yetu ziliachana kiasi cha miaka milioni sita au saba iliyopita, na kila upande ukaenda na yake. Ya imani waulize mashekhe, nao kuna waliosoma pande zote mbili na hawana maneno makali. Mimi hapa nazungumzia alama zilizoko ardhini.

(Wengine naomba tusigeuze uzi huu mhadhara wa dini. Kuna majukwaa yake.)

KijanaWaMakupa

Haya, kuna kitu nimekisoma kwamba baadhi ya nyayo za Laetoli ni za dubu. Dubu Tanzania? Si ndiyo mnaona sasa wanavyobahatisha.

MtuWaTudor

Hapana, huo ndio mfano mzuri wa namna wanavyojisahihisha.

Kuna eneo la pili palepale Laetoli, liitwalo A, lenye nyayo tano mfululizo zilizoonekana miaka ya 1976 na 1977, kabla ya zile maarufu. Zilikuwa za ajabu: pana, na mguu unavuka mbele ya mwingine. Ikapendekezwa ni dubu aliyesimama. Zikaachwa. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, na matokeo yakatangazwa Desemba 2021. Hawakutoa maoni tu. Walikwenda kupima nyayo za dubu, wakatazama zaidi ya saa 50 za video za dubu wa porini, na dubu wale walisimama kwa miwili chini ya asilimia moja ya muda. Halafu maelfu ya mifupa ya wanyama imeokotwa Laetoli, na hata mmoja wa dubu haumo. Hitimisho lao ni kwamba alipita zamadamu, tena wa aina nyingine kuliko wale watatu. Charles Musiba, Mtanzania, alikuwamo katika kazi hiyo.

Na Watanzania wengine wamefanya kubwa zaidi. Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walikuwa wakikagua ardhi kwa ajili ya jumba la makumbusho lililotarajiwa kujengwa, wakakuta nyayo mpya, kama mita 150 kutoka zile za kwanza. Yalitangazwa 2016. Mmoja wa wapitaji hao anakadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Ukilinganisha na Lucy, aliyekuwa kama mita moja na kidogo, unaona jamii hii ilikuwa na watu wa vimo mbalimbali mno. Labda madume na majike walipishana sana.

DadaWaLikoni

Umeahidi Turkana tangu juu, nasubiri.

MtuWaTudor

Ahadi ni deni, dada.

Mashariki mwa Ziwa Turkana, karibu na Ileret, zilitangazwa mwaka 2009 nyayo za miaka milioni 1.5. Hizo zina uvungu wa unyayo, kidole gumba kimekaa sawa, mwendo ni kama wetu. Zinahusishwa na Homo erectus, zamadamu wa jenasi yetu ya Homo, jamaa za yule kijana wa Nariokotome (ndiye kijana wa Turkana) ambaye Kamoya Kimeu aligundua mifupa yake mwaka 1984. Kimeu, mtoto wa Ukambani, aliona mifupa mingi ya zamadamu kuliko maprofesa wengi, na jina lake halifundishwi shuleni inavyostahili. Nimesema.

Sasa uhondo. Mwaka 2021, eneo la Koobi Fora, Richard Loki, Mkenya wa kikosi cha wachimbaji, aliona wayo wa kwanza kwenye tabaka jingine la umri uleule. Wakafukua. Wakapata mlolongo mmoja mrefu wa mtu mmoja, na nyayo nyingine tatu pembeni zinazokwenda upande tofauti. Pia nyayo tele za ndege, wakiwamo korongo wakubwa kuliko wa leo. Matokeo yalitoka Novemba 2024. Nyayo za pembeni zinafanana na za Homo erectus. Mlolongo mrefu una unyayo bapa zaidi na kidole gumba kinachochezacheza pembeni, na wanauhusisha na Paranthropus boisei, yule wa magego makubwa na taya zito.

Wote walikanyaga tope lilelile, na tope la ufukweni halingoji. Ama lifunikwe mapema ama lipotee, kwa hiyo walipishana kwa saa chache, siku chache mno. Mifupa ya aina hizi mbili tulikuwa nayo siku nyingi, imetoka matabaka ya umri mmoja. Lakini tabaka la mifupa laweza kubeba maelfu ya miaka ndani yake, huwezi kusema kwa yakini kwamba hawa wawili waliwahi kuonana. Hapa waweza kusema walikuwa majirani. Huenda mmoja alimwona mwenzake kwa macho.

MkunjaViungo

Hilo la kidole gumba kuchezacheza ndilo lililonigusa. Maana yake miaka milioni 1.5 iliyopita kulikuwa na namna mbili za kutembea kwa miguu miwili, zote zinafanya kazi, ufukwe mmoja. Sisi tumezoea kudhani mwendo wetu ndio mwendo, na wengine walikuwa wakijaribu.

MtuWaTudor

Barabara kabisa. Na Burtele, Ethiopia, uliokotwa mguu wa miaka milioni 3.4 wenye kidole gumba cha kushikia, wakati uleule ambapo jamaa za Lucy walishakuwa na kidole kilichonyooka. Kwa hiyo hata zamani zaidi hawakuwa wa mwendo mmoja.

Zamadamu aitwaye Orrorin wa vilima vya Tugen, Baringo, wa miaka kama milioni sita, ni mkongwe zaidi, na mfupa wake wa paja unaashiria kusimama. Ila pale tuna mifupa michache tu, nyayo hakuna, na ubishi bado ni mkali. Sitauingia leo.

DadaWaLikoni

Nina likizo Agosti. Nikivuka Taveta mpaka Arusha, halafu Ngorongoro, nitaziona hizi nyayo kwa macho yangu?

MtuWaTudor

Za Laetoli hutaziona, dada. Zilifukiwa baada ya 1979 ili zisiharibike, kisha migunga ikaota juu na mizizi ikaanza kuzitafuna. Ikabidi 1995 na 1996 serikali ya Tanzania na taasisi ya Getty wazifukue, waondoe mizizi, wazifunike upya kwa mchanga, vitambaa maalumu na mawe. Ukifika utaona kifusi kilichopangwa vizuri. Nakala ya plasta iko makumbusho ya Olduvai, na hiyo inatosha kuweka mguu wako kando ukalinganisha. Kama nauli ni nzito, panda treni uende Makumbusho ya Taifa Nairobi, kijana wa Turkana yuko huko.

DadaWaLikoni

Nauli yote hiyo nikatazame mawe yamepangwa? Nitashuka Nairobi.

NahodhaMstaafu

Ukenda Nairobi mwanangu vaa sweta. Agosti kule ni baridi.